Ubatizo si mtihani wa darasani
Makanisa mengi yana mlango kwa mwenye ulemavu wa akili, lakini familia nyingi za mipakani hazijawahi kuambiwa

KATIKA familia nyingi za Kikristo za Afrika Mashariki, mtoto akizaliwa majirani huuliza maswali mawili: anaitwa nani, na anabatizwa lini. Wapo watoto ambao swali la pili haliulizwi kamwe. Ni wale waliochelewa kukaa, kutembea au kuzungumza, na ambao shule iliwarudisha nyumbani ikisema hawafundishiki.

Wadogo zao hubatizwa, hupokea komunyo ya kwanza, hupata kipaimara na baadaye hufunga ndoa. Wao, siku ya sherehe, hubaki chumba cha nyuma na bibi. Miaka inapita, mtoto anakuwa kijana, kijana anakuwa mtu mzima wa miaka 25 au 30, na jina lake halimo katika daftari lolote la kanisa.

Kwa familia zinazoishi kwa biashara ya kuvuka mpaka, jambo hili huwa gumu zaidi. Mama anayenunua vitenge upande mmoja wa Busia, Sirari au Mutukula na kuviuza upande wa pili hufuata ratiba ya magulio. Mafundisho ya dini nayo yana siku zake, na mara nyingi siku hizo ndizo za soko. Parokia au usharika wa nyumbani uko nchi moja, chumba cha kupanga kiko nchi nyingine. Mtoto asiye na ulemavu atakwenda mafundisho mwenyewe pamoja na wenzake. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji mtu wa kumpeleka, wa kukaa naye na wa kumsemea, na mtu huyo yuko safarini.

Uchungu wa jambo hili huonekana siku ya msiba. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kinaagiza kwamba ibada yake ya maziko isitumike kwa mtu aliyekufa bila kubatizwa. Sheria ya Kanisa Katoliki inampa askofu uwezo wa kuruhusu maziko ya kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza, akafa kabla. Lakini neno hilo "walikusudia" lina uzito wake. Familia ambayo kwa miaka 20 haikuwahi kugonga mlango wa ofisi ya parokia itaonyeshaje kusudio lake?

Hata hivyo, ukizisoma kanuni za makanisa makubwa ya eneo hili, utakuta kwamba si sheria inayowazuia wengi wa watu hawa. Wanazuiwa na desturi, aibu ya familia, na mazoea ya kuugeuza ubatizo kuwa mtihani wa kukariri.

Nani anazungumziwa

Ulemavu wa akili huanza utotoni, na huathiri namna mtu anavyojifunza, anavyowasiliana na anavyojihudumia katika shughuli za kila siku. Hautofautiani tu kwa kiwango kutoka mtu hadi mtu. Unatofautiana pia kabisa na ugonjwa wa akili, ambao unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote na ambao mara nyingi hutibika. Mwenye ulemavu wa akili si mgonjwa anayesubiri kupona. Ndivyo alivyo, na anaweza kujifunza mengi akifundishwa polepole na kwa vitendo.

Sababu zake zinafahamika kwa sehemu kubwa. Mtoto anaweza kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kupata manjano kali ya uchanga isiyotibiwa, uti wa mgongo, au malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito nao huathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hali iitwayo Down hutokana na kromosomu moja ya ziada, kama alivyoonyesha daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959. Katika orodha hiyo hamna laana ya ukoo, dhambi ya mama wala mkono wa jirani mwenye wivu.

Hilo linahitaji kusemwa wazi kwa sababu katika jamii nyingi mtoto wa namna hii bado huitwa taahira au zezeta, na mama yake husemwa sokoni kwamba amemtoa mtoto ili biashara yake istawi. Mfanyabiashara anayefanikiwa huku ana mtoto mwenye ulemavu nyumbani anaujua uvumi huo. Wengi huamua kumficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hawezi kupelekwa mbele ya madhabahu.

Kanuni iliyokwisha kujibu

Sheria za Kanisa Katoliki zilizotangazwa mwaka 1983 zinasema kwamba mtoto akitimiza miaka 7 hudhaniwa kuwa ameanza kutumia akili. Tangu hapo, akiletwa kubatizwa, hushughulikiwa kwa taratibu za watu wazima: ukatekumeni, mafundisho ya muda mrefu, na kutamka mwenyewe kwamba anataka ubatizo.

Hapo ndipo kijana wa miaka 15 mwenye ulemavu wa akili hukwama. Anapelekwa kwenye darasa lilelile la wenzake, anaulizwa maswali yaleyale, anatakiwa kukariri sala zilezile. Akishindwa, katekista, tena kwa nia njema kabisa, humwambia mama: "Mama, tumwache kwanza, tutamwona mwakani." Mwakani jibu huwa lilelile.

Kanuni ya 852 ya sheria hizo imekwisha kulijibu jambo hili. Sehemu yake ya kwanza inahusu waliovuka utoto na wanaoweza kutumia akili. Sehemu ya pili inasema kwamba mtu asiye na uwezo huo huhesabiwa kama mtoto mchanga katika suala la ubatizo. Haikuwekwa kikomo cha umri. Mtu wa miaka 40 ambaye hawezi kabisa kuelewa mafundisho anaweza kubatizwa kwa taratibu za mtoto mchanga.

Na taratibu za mtoto mchanga ni nyepesi. Kanuni ya 868 inadai mambo mawili: mzazi mmoja angalau, au mlezi wa halali, akubali, na pawe na tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani ya Kikatoliki. Kwa hiyo maswali ya paroko yanapaswa kuelekezwa kwa familia. Mnasali? Mtamleta kanisani? Nani atamlea mama akisafiri? Mtoto hatakiwi kujibu chochote.

Sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili na wa akili wanapata mafundisho kadiri hali zao zinavyoruhusu. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI aliandika kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata kipaimara wapewe pia Ekaristi, kwa kuwa wanaipokea hata katika imani ya familia na ya jumuiya inayowasindikiza. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa Vatikani mwaka 2020 ulikwenda mbele zaidi: hakuna anayeweza kuwanyima sakramenti watu wenye ulemavu.

Fikra hizi hazikuzuka jana. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika mapema katika karne ya 5 juu ya mtu mmoja aliyehesabiwa mpumbavu na watu wa wakati wake. Mtu huyo alivumilia kila tusi alilotukanwa yeye mwenyewe, lakini hakuvumilia hata kidogo jina la Kristo kudhihakiwa. Augustino alimtaja kama ushahidi kwamba neema haipimwi kwa wepesi wa akili. Karne ya 13, Thomas wa Akwino aliuliza waziwazi kama watu ambao tangu kuzaliwa hawajawahi kutumia akili wabatizwe. Jibu lake lilikuwa kwamba wabatizwe kama watoto wachanga wanavyobatizwa, katika imani ya Kanisa.

Walutheri, Waanglikana na Waorthodoksi

Makanisa mengine yanayobatiza watoto wachanga hufika mahali palepale kwa njia zao. Walutheri, ambao nchini Tanzania wako katika KKKT, hufuata Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linalosema watoto wabatizwe. Martin Luther mwenyewe alifundisha kwamba imani ya mtu haiutengenezi ubatizo, inaupokea tu. Ubatizo ni tendo la Mungu, na ukubwa wa akili ya anayebatizwa hauuongezi wala kuupunguza. Kwa fundisho hilo, ni vigumu kumkataa mtu kwa sababu hajui kujibu maswali.

Waanglikana nao, katika Ibara zao 39, wameshikilia ubatizo wa watoto wadogo. Waorthodoksi, waliopo Kenya, Uganda na kaskazini magharibi mwa Tanzania, hawana hata swali la darasa: mtoto mchanga hubatizwa, hupakwa mafuta ya krisma na hupewa Ekaristi katika ibada hiyohiyo. Huko hakuna ngazi ambayo mwenye ulemavu wa akili ataambiwa aisubiri.

Wanaotetea msimamo huu hupenda kukumbusha habari mbili za Agano Jipya. Moja ni ya mtu aliyepooza, aliyebebwa na watu wanne wakatoboa paa ili kumfikisha kwa Yesu. Injili ya Marko inasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya waliombeba pia. Nyingine itawagusa wafanyabiashara zaidi. Ni ya Lidia, mwanamke wa mji wa Thiatira huko Asia, aliyekuwa akiuza vitambaa vya zambarau Filipi, katika Makedonia, ng'ambo ya bahari. Alikuwa, kwa lugha ya leo, mama wa biashara ya kuvuka mpaka. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema alipoamini alibatizwa yeye pamoja na watu wa nyumba yake.

Makanisa yanayodai maungamo

Ugumu mkubwa uko kwa makanisa yanayobatiza watu waliokwisha kuamini na kuungama wenyewe. Wabaptisti, Wamennonite, Waadventista Wasabato na Wapentekoste wengi wako upande huu, na maeneo ya mpakani yamejaa waumini wao. Kuhusu nyumba ya Lidia, wao husema maandiko hayataji watoto wachanga humo.

Mapokeo haya yana historia ndefu. Januari 1525, mjini Zürich, Uswisi, kundi dogo la watu lilibatizana upya likiamini kwamba ubatizo wa uchanga hautoshi. Wengi wao waliteswa na baadhi yao wakauawa kwa ajili hiyo. Mwaka 1609, mjini Amsterdam, Mwingereza John Smyth na wenzake walianzisha kanisa linalohesabiwa kuwa la kwanza la Wabaptisti. Wamennonite, ambao mizizi yao ni ile ya Zürich, walifika Shirati, mkoani Mara, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, mwaka 1934. Kwa watu waliolipa gharama kubwa kiasi hicho ili kila mtu aungame mwenyewe, si jambo dogo kumbatiza mtu asiyeungama kwa mdomo wake.

Jibu la kawaida katika makanisa haya ni fundisho la umri wa kuwajibika. Mtu ambaye hajafikia uwezo wa kutofautisha dhambi na haki yuko chini ya neema ya Mungu, iwe ana miaka 3 au 33. Hahitaji ubatizo ili aokoke. Baadhi ya makanisa humwombea na kumweka wakfu mbele ya ushirika, kama yanavyofanya kwa watoto wachanga.

Fundisho hilo huwafariji wazazi wengi, na si haki kulidharau. Lakini lina tatizo ambalo wanateolojia wa Kibaptisti wenyewe wameliona. Katika makanisa haya ubatizo ndio unaomfanya mtu kuwa mshiriki. Aliyebatizwa anashiriki Meza ya Bwana, anapiga kura katika mkutano wa kanisa, anatembelewa akiugua. Ukisema mtu fulani yuko salama kwa Mungu kwa hiyo hahitaji ubatizo, umemwondolea mzigo, lakini pia umemwacha nje ya ushirika maisha yake yote. Ameokoka, ila si mwenzetu.

Ndiyo maana wapo wachungaji wanaotafuta njia ya kati. Hawaachi kudai maungamo. Wanauliza maungamo yanaweza kuonekanaje kwa mtu huyu. Kijana asiyeweza kueleza fundisho la wokovu anaweza kusema "Nampenda Yesu" na kumaanisha. Asiyezungumza anaweza kuonyesha kwa ishara. Kanisa linalomfahamu linasimama naye na kushuhudia kile lilichokiona kwake.

Muulize mwenyewe kwanza

Jambo hili linawahusu pia Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, kwa sababu kanuni nzuri inaweza kutumiwa vibaya. Ukishajua kwamba mwenye ulemavu wa akili anaweza kubatizwa kama mtoto mchanga, ni rahisi kuwaweka wote katika kapu hilo. Wengi wao si wachanga. Mwenye Down wa miaka 20 anaweza kujua vizuri Krismasi ni nini, anaweza kukasirika akikosa kwenda kanisani, anaweza kutaja watakatifu wake na nyimbo zake. Mtu huyo ana neno lake la kusema kuhusu ubatizo wake mwenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka serikali ziheshimu matakwa na uchaguzi wa mtu mwenye ulemavu. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2015. Mkataba huo hauamui nani abatizwe, kwa sababu hilo ni la makanisa. Lakini wazo lake linafaa hata sakristia: kabla ya kumsemea mtu, mpe nafasi ya kusema.

Maaskofu Wakatoliki wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 1995 kuhusu sakramenti kwa watu wenye ulemavu, walitoa kipimo kinachosaidia. Kwa ajili ya komunyo, kinachotakiwa ni mtu atofautishe Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, na anaweza kuonyesha hivyo kwa mwenendo, kwa ishara, au hata kwa ukimya wa heshima badala ya maneno. Mzazi anayemjua mtoto wake ataziona dalili hizo kabla ya katekista: anavyotulia padri anapoinua hostia, anavyokunja mikono, anavyomvuta mama Jumapili asubuhi akionyesha njia ya kanisani.

Kipimo hicho hufanya kazi pande zote mbili. Kama mtu anaonyesha wazi kwamba hataki, anapiga kelele na kuvutana, ibada isimamishwe. Inawezekana anaogopa maji au umati, na siku nyingine, katika utulivu, atakubali. Inawezekana pia hataki. Kumshika kwa nguvu ili sherehe iendelee kwa kuwa wageni wamekwisha kufika na pilau limekwisha kupikwa ni kumdhalilisha.

Maji, kelele na kifafa

Maandalizi ya ibada yenyewe hayahitaji fedha, yanahitaji kufikiri mapema. Wengi wenye usonji huumizwa na spika kubwa, ngoma na vigelegele. Ibada ya asubuhi ya siku ya kazi, yenye watu kumi, itamfaa kuliko misa kuu ya Pasaka. Apelekwe kanisani siku kadhaa kabla, aone kisima cha ubatizo, aguse maji, amzoee padri au mchungaji. Nguo nyeupe ajaribishwe nyumbani. Aliyezoea kushikwa na bibi abatizwe akiwa ameshikwa na bibi.

Kwa makanisa yanayozamisha, tahadhari iongezwe. Ulemavu wa akili na kifafa mara nyingi huenda pamoja, na mtu mwenye kifafa akishikwa na degedege ndani ya mto au ziwa anaweza kufa. Mchungaji aambiwe ukweli mapema. Maji yawe ya kina kifupi na ya uvuguvugu, na watu wawili wenye nguvu wawe karibu naye. Kumwagia maji pia ni desturi ya tangu mwanzo: Didake, mafundisho ya Kikristo ya zamani sana, iliruhusu kumwaga maji kichwani mara tatu pale ambapo maji ya kuzamia hayapatikani. Kanisa Katoliki linakubali njia zote mbili.

Jambo jingine ni kutochanganya ubatizo na uponyaji. Wapo wanaoahidi kwamba mtoto akishabatizwa au kuombewa ataanza kuzungumza, na wapo wanaomwambia mama aache dawa za kifafa kama ishara ya imani. Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo na kifo. Dawa ziendelee kabla ya ubatizo, siku ya ubatizo na baada yake. Mtu anabatizwa ili awe wa Kristo na wa kanisa jinsi alivyo. Akitoka majini na ulemavu wake, ubatizo haujashindwa.

Ukiishi pande mbili za mpaka

Swali ambalo wafanyabiashara huuliza mara kwa mara ni wabatize wapi. Kwa Wakatoliki, desturi ni parokia ya wazazi, lakini sheria yao inawafaa watu wa safari kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliyekaa mahali kwa miezi mitatu, au aliyefika akikusudia kukaa muda huo, amepata pale makazi ya kisheria ya aina ya pili, na paroko wa hapo ni paroko wake. Asiye na makazi popote, paroko wake ni yule wa mahali alipo kwa wakati huo. Kwa hiyo mama aliyepanga chumba upande wa pili kwa muhula mzima asiambiwe arudi kwao. Barua ya utambulisho kutoka parokia ya nyumbani husaidia kuondoa mashaka. Kwa Walutheri, Waanglikana na wengine, barua ya mchungaji wa usharika wa nyumbani hufanya kazi hiyohiyo.

Msimamizi wa ubatizo mmoja anatosha. Kwa Wakatoliki awe, kwa kawaida, ametimiza miaka 16, amepata kipaimara, na asiwe mzazi wa anayebatizwa. Mkristo wa kanisa jingine anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, jambo linalozifaa familia za mchanganyiko. Kwa mwenye ulemavu wa akili, chagua msimamizi anayeishi karibu naye. Rafiki wa biashara aliye tajiri lakini yuko kilomita 300 hataweza kumpeleka kanisani Jumapili wakati mama yuko sokoni.

Ubatizo huandikwa katika daftari la parokia ulikofanyika: majina, wazazi, wasimamizi, mhudumu, mahali na tarehe, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Andika kando jina la parokia na tarehe, kwa sababu ndipo utakapoomba cheti miaka ijayo. Kwa familia zilizokimbia vita na daftari likateketea, sheria ya Kikatoliki inakubali ushahidi wa mtu mmoja anayeaminika kwamba ubatizo ulifanyika. Usimbatize mtu mara ya pili eti kwa kuwa mmehamia nchi nyingine. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida hutambua ubatizo wa wenzao uliofanyika kwa maji na kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Cheti hicho kina faida hata nje ya kanisa. Tanzania, kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na Kenya, kwa idara ya usajili wa raia, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyoweza kuambatanishwa kuombea cheti cha kuzaliwa kwa mtu aliyechelewa kusajiliwa. Hakithibitishi uraia, na peke yake mara nyingi hakitoshi. Lakini mtoto aliyefichwa miaka yote, asiye na kadi ya kliniki wala cheti cha shule, anaweza kukuta kwamba karatasi ya parokia ndiyo ya kwanza yenye jina lake.

Na kama mtu yuko katika hatari ya kufa, asisubiriwe padri. Kwa sheria ya Kikatoliki, katika dharura yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza kwa kummwagia maji na kutamka jina la Utatu. Kisha parokia ya mahali hapo ijulishwe ili jina liandikwe.

Baada ya siku ya sherehe

Ubatizo unaoishia kwenye picha na soda haumsaidii mtu huyu. Swali la kweli ni Jumapili inayofuata atakuwa wapi. Zipo kazi ndani ya ibada ambazo hazihitaji kusoma: kubeba sadaka, kugawa vitabu, kusalimia watu mlangoni, kuimba. Jumuiya ndogondogo inaweza kupanga zamu ya kumchukua nyumbani wakati mama amevuka mpaka. Iwe zamu ya watu wawili wawili, wanaofahamika, kwa sababu wenye ulemavu wa akili hunyanyaswa kwa urahisi na hushindwa kusema.

Mifano ya kujifunza iko karibu. Huko Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ina shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Nyahururu, Kenya, na Kampala, Uganda, kuna jumuiya za L'Arche, mtandao ulioanzia Ufaransa mwaka 1964, ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao huishi nyumba moja, wakipika, wakila na kusali pamoja.

Kwa mzazi, hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa wiki hii, kabla ya safari ijayo. Aende kwa paroko au mchungaji pamoja na mtoto mwenyewe, asimwache nyumbani. Amtaje kwa jina, aeleze hali yake, na aombe ubatizo kwa maneno ya wazi. Akiambiwa kwamba mtoto hajui katekisimu, aulize kwa heshima kanisa hilo linasema nini juu ya wasioweza kujifunza katekisimu. Kama ni Mkatoliki, aitaje kanuni ya 852. Ombi hilo likishatolewa, kusudio la familia limejulikana, na kanisa ndilo linalodaiwa jibu.